Kwa Nini Kaka Yangu Hakupiga Simu

Kila kaka yangu anaporudia pombe, ukoo mzima huwa na swali moja: nani alimpa? Shangazi anauliza, jirani anauliza, mchungaji naye anauliza huku Biblia iko kwapani. Utadhani waragi, pombe kali ya kwetu Uganda, ni bidhaa ya magendo Kampala. Kaka ni fundi wa magari Ndeeba, na kutoka gereji yake hadi penye pombe hutembei hata ukatoka jasho. Serikali ilipopiga marufuku waragi wa pakiti mwaka 2019, zile pakiti ndogo ambazo hata mtoto wa shule angeweza kuzificha kwenye soksi, tulishangilia kwa muda. Kisha waragi ukahamia kwenye chupa ndogo za plastiki na maisha yakaendelea. Hakuna aliyempa. Siku zote zile alizokaa bila kuigusa, pombe ilikuwepo palepale.

Swali langu mimi ni jingine. Siku aliyorudia, alishinda na simu mfukoni, ina chaji, ina salio. Ndani yake mna namba ya mshauri, namba ya mzee mmoja wa AA, ile mikutano ya walevi wanaosaidiana kuacha, aliyekubali kumshika mkono, na namba yangu. Alikwisha kufundishwa cha kufanya, tena aliandika kwa mkono wake kwenye daftari: nikishikwa na hamu, nipige simu kabla sijatoka gereji. Kwa nini hakupiga?

Nimelizunguka swali hilo kwa miaka. Nimesoma nilichoweza kukisoma, nimekaa na washauri, nimekaa na walevi walioacha na ambao hawajaacha. Jibu nililofikia haliwafurahishi watu wote nyumbani. Karibu kila mpango wa kumsaidia mtu aache ulevi umejengwa juu ya jambo moja, kwamba akizidiwa ataomba msaada. Na wapo watu ambao somo la kwanza walilopewa na maisha, kabla hawajajua kuhesabu hadi kumi, ni kwamba ukilia haji mtu.

Tulikulia kambi ya polisi. Baba alikuwa Mteso kutoka wilaya ya Kumi, mama ni Mlugbara wa Arua, kwa hiyo lugha ya ndani ikawa Kiswahili, kama ilivyokuwa kwa nyumba nyingi pale kambini. Nje ya uzio watu wa Kampala walikiogopa. Kwao Kiswahili kilikuwa cha wanajeshi wa vizuizini na cha majambazi wa usiku. Sisi tulikitumia kuombea chumvi. Tuliishi kwenye yuniporti, vile vibanda vya bati vya mviringo, ambamo mchana hakukaliki na usiku unamsikia jirani akigeuka kitandani. Baba alipomchapa mtu, mstari mzima wa yuniporti ulisikia kila kiboko. Kesho yake hakuna aliyesema neno, maana kila nyumba ilikuwa na zamu yake.

Kaka alizaliwa mwaka 1984. Alipofika wakati wa kuachishwa ziwa, mama akiwa na mimba nyingine ambayo haikudumu, alipelekwa Kumi kwa bibi mzaa baba. Hakuwa ametupwa. Ndivyo ilivyofanywa, na makabila mengi ya Uganda bado yanafanya hivyo: mtoto anahamishwa ili alisahau titi, na bibi anapata wa kumtuma maji. Ukichanganya na mshahara wa konstebo na chumba kimoja, sioni mama mwenye akili timamu ambaye angeamua tofauti.

Basi kwa kaka, mama alikuwa bibi. Alilala naye, alikula naye, alimshika nguo akienda shambani. Mwaka 1987 Teso ikaingia kwenye uasi, na wakati huohuo wavamizi kutoka Karamoja wakasomba ng'ombe karibu wote wa eneo lile. Kaka anakumbuka wakilala vichakani, mkono wa bibi umemziba mdomo, na mkono huo unanuka ulezi uliochachuka, kwa sababu bibi alikuwa mpika ajon, pombe ya ulezi ya Teso. Mwaka 1989 kule Mukura, ambako wakati ule kulikuwa ndani ya wilaya ya Kumi, watu 69 walikufa kwa kukosa hewa baada ya wanajeshi kuwafungia kwenye behewa la treni. Hiyo ndiyo hewa aliyokulia.

Mtu akisikia hayo anasema: ah, hapo ndipo alipoharibika. Yeye mwenyewe anakataa. Ukimuuliza ni lini alikuwa na raha katika maisha yake, hafikirii mara mbili. Kumi. Vichakani.

Nilidhani ni maneno ya mlevi mpaka niliposoma habari za Anna Freud, mtaalamu wa akili za watoto. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, yeye na mwenzake Dorothy Burlingham waliendesha nyumba za kulea watoto Hampstead, London. Waliona kitu ambacho wengi hawakukitarajia: watoto waliopitia mabomu wakiwa na mama zao walistahimili vizuri kuliko ilivyodhaniwa, na kwa watoto wengi kilichouma zaidi ni kuhamishwa kwenda mashambani, kwenye usalama, mbali na mama. Kwa mtoto mdogo hatari haipimwi kwa bunduki zilizoko nje. Inapimwa kwa uso wa yule aliyembeba.

Mwaka 1991 baba akaona kijana amefikia umri wa shule. Akamtuma mjomba mmoja na pikapu. Kaka aliambiwa wanakwenda Mbale kununua viatu. Mbale walipita bila kusimama.

Alifikishwa kambini usiku, akasukumwa mbele ya mtu mwenye yunifomu, akaambiwa huyu ndiye baba yako, msalimie. Alilia siku za mwanzo. Baba alikuwa na dawa yake ya mtoto anayelia, na dawa ilifanya kazi, maana baada ya muda kaka aliacha kulia kabisa na watu wakamsifu: mtoto amezoea. Mimi nilikuwa mdogo sana, lakini mama hunisimulia kwamba alikuwa mtoto wa ajabu, akijikata hasemi. Walimkuta siku moja amefunga jeraha la mguu kwa gazeti. Baadaye alipelekwa bweni. Bibi alifariki muhula ukiwa katikati, na kaka aliambiwa likizo ilipofika, watu wanamenya karanga: bibi yako tulimzika Machi. Akaendelea kumenya.

Na mimi? Nilizaliwa mwaka 1988, barabara ya Teso ikiwa haipitiki. Wakati wangu wa kuachishwa ziwa ulipofika hakukuwa na pa kunipeleka. Vita vilivyomlia bibi ng'ombe wake ndivyo vilivyonibakiza mimi mgongoni mwa mama. Baba ni huyohuyo, fimbo ni ileile, yuniporti ni ileile. Watu wakiuliza kwa nini wawili wa nyumba moja mmoja akawa mlevi na mwingine hapana, huwa nawaambia hatukulelewa nyumba moja.

Elimu hii ya namna mtoto anavyoshikamana na mlezi wake, inayofundishwa vyuoni dunia nzima, sehemu kubwa ya mizizi yake iko hapahapa kwetu, na nashangaa ni wangapi wa Uganda wanaolijua hilo. Jina kubwa ni la Mwingereza John Bowlby, daktari wa akili aliyeandikia Shirika la Afya Duniani ripoti mwaka 1951 kuhusu watoto waliokosa malezi ya mama. Naye alilelewa na yaya, na yaya huyo aliondoka yeye akiwa na miaka kama minne. Aliyekuja huku ni Mary Ainsworth. Alikuwa amefanya kazi na Bowlby London, na hakuwa amemwamini kwa kila kitu. Mwaka 1954 alimfuata mumewe Kampala, aliyepata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere, naye akaanza kuzunguka vijiji vya Buganda vilivyo karibu na mji. Alitembelea familia 26 zenye watoto 28, akikaa nao saa kadhaa kila baada ya wiki mbili hivi, kwa miezi mingi. Kuachishwa ziwa ni miongoni mwa mambo yaliyomvuta.

Alichokiona, mama yeyote wa Mityana au Mukono angeweza kumwambia bure, ila hakuna aliyewahi kukiandika kwa makini vile. Mtoto anatambaa kwenda kuchungulia kuku, anageuka kumtazama mama, anasonga mbele tena. Mama akiinuka, mtoto anageuza safari. Ujasiri wote ule unatokana na kujua kwamba nyuma yupo mtu. Na watoto hawakuwa sawa: wapo waliotulia mama akiwepo na wapo waliolia hata wakiwa mikononi mwake, na tofauti ilifuatana sana na jinsi mama alivyojua kumsoma mtoto wake.

Baadaye, akiwa Baltimore, Marekani, Ainsworth alibuni jaribio lililompa umaarufu. Mtoto wa mwaka mmoja anaingia na mama kwenye chumba chenye vitu vya kuchezea, mama anatoka kwa dakika chache, anarudi. Wengi hulia, mama akirudi wanamkimbilia, wanabembelezwa, wanarudi kucheza. Wapo wasiobembelezeka. Na lipo kundi la tatu, ndilo linalonihusu: mama akitoka hawajali, akirudi hawamtazami, wanaendelea na mchezo. Ukiwaona utasema hao ndio watoto waliolelewa vizuri. Mwaka 1977 watafiti Alan Sroufe na Everett Waters waliandika kuhusu mapigo ya moyo ya watoto katika jaribio hilo. Wale wasiojali, mioyo yao ilikuwa inaenda mbio.

Nilimsimulia kaka hilo tukiwa gereji kwake, yeye akiwa chini ya Toyota Noah. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Hiyo ni gari imekatwa waya wa taa ya joto. Dashibodi safi, injini inachemka." Halafu akaniomba spana namba kumi na saba.

Upande wa takwimu, utafiti ambao kila mshauri wa ulevi atakutajia ni ule wa Vincent Felitti na Robert Anda, uliochapishwa mwaka 1998. Felitti alikuwa daktari San Diego kwenye kliniki ya kupunguza unene, akashangaa kwa nini waliofanikiwa kupungua ndio wanaokimbia matibabu. Alipoanza kuwauliza kuhusu utoto, akasikia mambo ya kubakwa na kupigwa. Kwa jumla watu zaidi ya 17,000 walijaza dodoso kuhusu utoto wao: kupigwa, kutukanwa, kudhalilishwa kingono, kutelekezwa, mzazi mlevi, mzazi aliyefungwa, mama aliyepigwa, na kadhalika. Waliopitia aina nne au zaidi walikuwa na hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua iliyo kubwa mara 4 hadi 12 kuliko wale ambao hawakupitia hata moja.

Hao walikuwa Wamarekani wenye bima ya afya, wengi wao wamesoma. Sisi tuna hesabu zetu. Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Uganda mwaka 2015 na kutolewa mwaka 2018 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24. Karibu wasichana 6 kati ya 10 na wavulana 7 kati ya 10 walisema walipigwa au kuumizwa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Msichana mmoja kati ya watatu, na mvulana mmoja kati ya sita, alisema alidhalilishwa kingono. Orodha ya Marekani haikuwa hata na kisanduku cha kulala vichakani au kuishi kambi ya wakimbizi wa ndani, mpaka Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza dodoso pana zaidi lenye vita na ghasia za mtaani.

Sipendi, hata hivyo, namna dodoso hizo zinavyotumika siku hizi. Kuna vituo vya kuacha ulevi Kampala, mtu akiingia anapewa karatasi, anahesabiwa alama, anaambiwa "wewe ni saba," naye anatoka na saba yake kama hukumu. Anda mwenyewe na wenzake walionya mwaka 2020 kwamba alama hizo ni za kupima umma na hazikutengenezwa kumpima mtu mmojammoja. Na lililonigusa zaidi: karatasi ile inauliza mtu alitendewa nini, haiulizi baada ya kutendewa alikimbilia kwa nani. Kaka angejaza vita na njaa ya Kumi, angepata alama kubwa. Safari ya pikapu isingepata kisanduku. Alichukuliwa na ndugu, akapelekwa kwa baba yake mzazi, akasomeshwa. Nani angeita hiyo dhuluma?

Nirudi kwenye kurudia pombe. Wazee wa taaluma hii huko Marekani waliandika mwaka 2000 kwamba kati ya waliotibiwa ulevi au dawa, asilimia 40 hadi 60 hurudia ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka, na wakalinganisha na wagonjwa wa presha na pumu, ambao nao huacha masharti na kuzidiwa kwa kiwango kisichopishana sana. Mgonjwa wa presha akizidiwa hatumwiti mwenye dhambi.

Kwa nini utoto uingie hapo? Chuo Kikuu cha Yale, jimbo la Connecticut, Marekani, Rajita Sinha na wenzake waliwafanya watu waliotoka kwenye kokeini wakumbuke kwa kina mikasa yao ya kuumiza, wakapima hamu yao. Walioshikwa na hamu kali zaidi walirudia mapema zaidi. Hayo yalichapishwa mwaka 2006. Miaka miwili baadaye timu hiyohiyo ikaonyesha kwamba kwa wanawake, kadiri maumivu ya utotoni yalivyokuwa makubwa, hasa ya kutukanwa na kudharauliwa, ndivyo walivyorudia haraka. Kwa wanaume hawakuliona hilo. Kwa hiyo sitamvika kaka matokeo ya wanawake wa Connecticut. Nachukua lile la kwanza tu, na kutoka hapo nadhani hivi: mwili uliozoeshwa hofu mapema huwaka haraka na huchelewa kupoa, na mtu wa namna hiyo dakika zake kati ya kuudhika na kunywa ni chache.

La pili ni la Jaak Panksepp, aliyefanya kazi na wanyama wadogo. Mwaka 1978 yeye na wenzake waliripoti kwamba dozi ndogo sana ya mofini, isiyotosha kumlaza mnyama, ilipunguza kilio cha watoto wa mbwa waliotenganishwa na wenzao. Ubongo una opioidi zake wenyewe, na inaonekana hizo ndizo zinazomtuliza mtoto anapokumbatiwa. Pombe nayo huziamsha. Ndiyo maana naltrexone, dawa inayoziba vipokezi vya opioidi, huwapunguzia baadhi ya walevi utamu wa chupa. Kaka hajasoma hata ukurasa mmoja wa Panksepp, lakini aliwahi kuniambia kwamba waragi wa kwanza maishani mwake, akiwa Senior Two, mwaka wa pili wa sekondari, aliuhisi mgongoni, katikati ya mabega, kama mtu amemwekea mkono.

Kuna na aibu. Alan Marlatt, ambaye kitabu chake cha mwaka 1985 bado ndicho msingi wa mafunzo mengi ya kuzuia kurudia, aligundua kwamba glasi ya kwanza si lazima imwangushe mtu. Kinachomwangusha ni anachojiambia baada yake. Anayejiambia "nimeteleza" anaweza kusimama. Anayejiambia "kumbe mimi ndivyo nilivyo" anamaliza chupa. Mtoto aliyechapwa akaambiwa "wewe ndivyo ulivyo" ana sentensi hiyo tayari, haina haja ya kutungwa.

Sasa siku yenyewe. Familia inaamini kaka alirudia kwa sababu ya ugomvi na mteja wa gereji. Ugomvi ulikuwepo. Ila wiki chache kabla, mshauri wake kwenye kituo alipata kazi sehemu nyingine akaondoka. Wagonjwa waliambiwa kwa tangazo la ubaoni. Kituo tulikuwa tumekilipia kwa kuuza ng'ombe, wale wachache tuliokusanya upya baada ya uvamizi, na kwa miezi ile kaka alikuwa ameanza kufunguka kwa yule bwana kuliko alivyowahi kufunguka kwa mtu yeyote. Nilipomuuliza kama kuondoka kwake kumemgusa, aliinua mabega: "Watu huhama kazi." Dashibodi safi.

Usiku aliorudia, kabla hajanywa, alikuja kwangu. Sikujua mpaka askari wa lango aliponiambia kesho yake. Alisimama nje ya geti muda mrefu, askari akamuuliza amfungulie, akasema hapana, napita tu. Taa zangu zilikuwa zinawaka. Tulikuwa tunakula.

Alipojirudisha kituoni akiwa ananuka pombe, alifukuzwa. Sheria ni sheria, waliniambia, hatuwezi kumweka mtu aliyekunywa na wengine ambao hawajanywa. Naelewa hoja yao, tena nyumba ya wagonjwa wengi inahitaji mipaka. Lakini angalia kilichotendeka: mtu ambaye maisha yake yote hakuomba, safari hii ameomba, kwa miguu yake, na jibu ni geti. Kama ningetaka kumfundisha upya somo la mwaka 1991 nisingepata njia nzuri zaidi. Baadaye tulimpeleka Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, ambayo ipo tangu mwaka 1955 na ambayo bado watu wanaitaja kwa kunong'ona. Ina kitengo cha pombe na dawa za kulevya. Muuguzi aliyempokea alimtazama akasema, "Umerudi vizuri," kisha akamuuliza amekula nini.

Kitu kilichobadilika tangu hapo kilitokana na mzee yule wa AA, mstaafu wa shirika la reli, mtu wa maneno machache. Alisema nyinyi mnamngoja apige. Huyu hapigi. Mpigieni. Sikuwa na habari wakati ule kwamba James McKay wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ametumia miaka mingi kupima jambo hilohilo, simu fupi za ratiba kwa mtu aliyemaliza matibabu, akikosa kusikika anatafutwa, na kwamba kwa wengi husaidia. Tulianza tu. Mimi, mdogo wetu wa mwisho, na mke wa kaka tuna zamu. Hatumuulizi "umekunywa?" Swali hilo linajibiwa "hapana" na watu wote duniani. Tunamuuliza gereji, mpira, nani hajalipa. Mwanzoni alijibu kwa neno moja akakata. Sasa analalamika. Spea za Japani zimepanda, kijana wake wa kazi anaiba boliti, marefa wote wamehongwa. Kwa mtu aliyefunga jeraha kwa gazeti, malalamiko ni maendeleo makubwa, na mke wake ananiambia ndivyo anavyojua hali: akiacha kulalamika, anamfuata gereji.

Pasaka iliyopita aliteleza tena. Alikunywa usiku, na asubuhi, kwa mara ya kwanza, yeye ndiye aliyepiga. Alianza na bei ya giaboksi. Nilimwacha amalize giaboksi yote.

Mama, ambaye sasa anaishi Kumi kwenye boma la baba, haya mambo yanamuumiza, na sijui namna ya kuyaandika bila kumuumiza. Ameniambia mara nyingi: nilimpeleka kwa mtu aliyempenda kuliko mimi. Ni kweli kabisa, na kaka anakubaliana naye. Kosa, kama tutaliita kosa, halikuwa kumpeleka. Lilikuwa kumwambia viatu.

Siku hizi wanabishana wawili hao. Kaka ana binti ambaye ameachishwa ziwa juzi, na mama anamtaka Kumi, kama desturi. Mke wa kaka anafanya kazi sokoni, chumba ni kimoja, hoja ni zilezile za mwaka 1986. Mimi nilitegemea kaka atakataa katakata. Hakukataa. Alisema atampeleka mwenyewe, akae naye huko wiki nzima mpaka amzoee bibi, mama mtu aende kila baada ya wiki mbili, na kila jioni azungumze na mtoto kwa simu, aelewe asielewe. Na siku ya kumrudisha, bibi aje naye Kampala akae.

Mama akamwambia kijijini kwake mtandao haushiki mpaka upande kichuguu kilicho nyuma ya ghala.

"Basi utapanda, mama," kaka akajibu. Mama akasema na magoti yake je. Mpaka naandika haya hawajaelewana, na mtoto bado yuko Ndeeba.